Katriji ya Grisi na Uhai wa Mashine Zetu

(Maneno haya yalisemwa huko Guta, mbele ya viongozi wa vijiji, walimu, na watu wenye mashine. Twayapiga chapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Tumekuja kusema nanyi habari ya kitu kidogo, ambacho mtu aweza kukishika kwa mkono mmoja; nacho ni katriji ya grisi. Yamkini mwingine amecheka moyoni, akisema, Je, tumeitwa kutoka mashambani ili tuelezwe habari ya mafuta ya kupaka vyuma? Twaomba mtuvumilie kidogo. Kitu hiki ni kidogo kwa umbo, lakini hasara ya kutokijua ni kubwa, wala haimwangukii mwenye mashine peke yake, bali kijiji kizima.

Zamani katika nchi hii mama alisaga kwa jiwe, na jiwe halikuhitaji grisi. Leo mambo yamegeuka. Hapa Guta, kando ya Ghuba ya Speke, mahindi na mihogo husagwa kwa mashine, mpunga hukobolewa kwa mashine, trekta hulima mashamba ya pamba, na pampu huvuta maji ya kumwagilia bustani. Mashine ya kusaga ikivunjika wakati wa mavuno, ni nani apatae taabu? Mwenye mashine hupoteza fedha, ni kweli. Lakini ni mama atakayejitwika debe kichwani na mtoto mgongoni, akatembea mpaka kijiji cha pili, akapange mstari huko hata jua lizame. Kwa hiyo habari ya grisi ni habari ya chakula cha jioni.

Grisi ni kitu gani?

Wengi hudhani kwamba grisi ni mafuta mazito tu. Sivyo. Grisi ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni. Katika sehemu 100 za grisi, kwa kawaida sehemu 80 hadi 90 ni mafuta. Zilizosalia ni sabuni, pamoja na dawa chache za kuzuia kutu na kuchakaa. Sabuni hiyo si ya kufulia nguo. Kazi yake ni kuyashika mafuta yasitiririke, kama vile pamba ishikavyo maji. Beringi, yaani ile bangili ya chuma yenye gololi ndani, ikizunguka, mafuta hutoka katika sabuni kidogo kidogo, yakawa utando mwembamba kati ya chuma na chuma. Utando huo ndio uhai wa mashine. Ukiwapo, chuma hakigusi chuma. Ukikosekana, vyuma husagana vyenyewe badala ya kusaga mahindi.

Watu wa kale waliokuwa na magari ya kukokotwa na wanyama walipaka ekseli zake shahamu. Shahamu ilisaidia, lakini iliyeyuka kwa joto na kuoza upesi. Baadaye sabuni za namna mbalimbali zikachanganywa na mafuta ya ardhini. Sabuni ya kalsiamu hustahimili maji, lakini ile ya kawaida haiwezi joto kali. Sabuni ya sodiamu huweza joto, lakini maji huiosha ikaondoka. Mwaka 1942 mtu mmoja wa Marekani, jina lake Clarence Earle, alipewa hati ya uvumbuzi wa grisi ya sabuni ya lithiamu, ambayo hustahimili joto na maji pamoja. Grisi ya lithiamu ndiyo itumikayo kuliko nyingine hata leo, na katriji nyingi mzionazo madukani ni za namna hiyo.

Hali kadhalika njia ya kuitia grisi ilitengenezwa polepole. Mwaka 1929 Oscar Zerk alipewa hati ya Marekani kwa ajili ya kile kichuchu kidogo cha chuma mnachokiona juu ya nyumba ya beringi. Ndani yake mna kigololi na springi: grisi ikisukumwa kwa nguvu kigololi hurudi nyuma, ikapita, nguvu ikiisha kigololi huziba tena, ili vumbi lisiingie. Kichuchu hicho ni mlango wenye bawabu wake. Lakini bawabu hana uwezo juu ya uchafu uliokwisha kuchanganyika na grisi yenyewe. Na hapo ndipo katriji ilipo na kazi.

Kopo na katriji

Katriji ni mrija wa karatasi ngumu au plastiki, wenye gramu 400 hivi za grisi, uliozibwa pande zote mbili tangu kiwandani. Upande mmoja una kifuniko cha plastiki. Upande wa pili una bati jembamba lenye pete ya kuvutia. Huingizwa nzima katika bomba la kutilia grisi, wala mkono wa mtu hauigusi.

Wengi wetu hununua grisi ya kopo, kwa sababu kwa kipimo kilekile bei ya kopo huwa nafuu kuliko ya katriji. Hatuwalaumu, fedha haziokotwi njiani. Lakini tulitazame kopo lenyewe. Hufunguliwa asubuhi, likaachwa wazi karibu na mashine. Unga huruka ukatua juu yake. Upepo wa ziwani huleta mchanga. Fundi huchota kwa kijiti alichokiokota chini. Jioni rangi ya grisi ni ileile, lakini si grisi tena: ni msasa. Chembe moja ya mchanga ikiingia kati ya gololi na njia yake hukwaruza chuma. Mkwaruzo huzaa vumbi la chuma. Vumbi hilo nalo hukwaruza zaidi. Beringi ambayo ingalidumu miaka hufa kwa miezi, na mwenyewe husema kwamba amenunua beringi mbovu.

Basi shauri letu ni hili. Mtu mwenye mashine ya kusaga, au pampu, au mashine ya kukoboa, ambaye beringi zake ni chache na mahali pake pana vumbi, yampasa kutumia katriji; bei iliyozidi atairudisha katika beringi asizozinunua. Mwenye trekta nyingi zenye vichuchu vingi aweza kununua ndoo kubwa, lakini iwe na kifuniko kinachobana, na grisi ivutwe kwa pampu ya ndoo, isichotwe kwa kijiti. Kinachotafutwa ni usafi. Katriji ni njia iliyo rahisi ya kuupata.

Jinsi ya kuitumia

Sasa tueleze kazi yenyewe, hatua kwa hatua.

Kwanza, zima injini, ungoje hata mkanda usimame kabisa. Mashine inayozunguka haina huruma kwa kanga, wala kwa kanzu, wala kwa kidole.

Pili, fungua kichwa cha bomba. Vuta nyuma ule mkono wa chuma ulio mkiani, uufunge mahali pake. Ondoa kifuniko cha plastiki cha katriji, kisha uiingize kwa upande huo uliofunguliwa. Ikiisha kuingia, ndipo uvute pete ya bati. Rudisha kichwa, ukikaze, ulegeze ule mkono wa nyuma ili springi isukume grisi. Hewa ikibaki ndani, bomba halitatoa kitu. Legeza kichwa kidogo hewa itoke, ukaze tena, kisha piga mpaka grisi itokeze mdomoni bila kukatika.

Tatu, futa kichuchu kwa kitambaa safi, ufute na mdomo wa bomba. Wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo yenye thamani kuliko zote. Anayepiga bomba juu ya kichuchu chenye tope huusukuma uchafu ndani kwa nguvu zake mwenyewe.

Nne, piga polepole, kwa hesabu. Ukiona ugumu usio wa kawaida, acha. Kichuchu kimeziba, au grisi imekwisha kujaa. Ukiisha, futa iliyozidi, wala usiiache ining'inie ikakusanya vumbi.

Tena yafaa kujua kwamba ziko beringi zilizozibwa kiwandani pande zote mbili, ambazo grisi yake imetiwa mara moja tu. Hizo hazina haja ya bomba, na mtu akizilazimisha huzivunja vizibo. Soma kitabu cha mashine kwanza. Kama hujui lugha ya kitabu, mpelekee mwalimu.

Kiasi

Hapa twaomba walimu watege masikio, maana ni hesabu. Watu wengi hudhani kwamba grisi ikizidi ni heri. La, hasha. Nyumba ya beringi ikijaa kabisa, gololi huzunguka kwa taabu ndani ya grisi kama mtu apitaye katika tope la mbuga. Joto hupanda, grisi huyeyuka, na mara nyingine vizibo hufyatuka. Kwa kawaida nafasi iliyomo ndani hujazwa theluthi moja hadi nusu, isizidi.

Kwa kuongeza grisi mafundi wanayo kanuni rahisi: pima upana wa beringi kwa nje kwa milimita, uzidishe kwa unene wake kwa milimita, kisha uzidishe kwa 0.005, jawabu ni gramu za grisi. Tuchukue beringi yenye upana wa milimita 80 na unene wa milimita 18. Mara 80 kwa 18 ni 1,440. Ukizidisha kwa 0.005 wapata gramu 7.2. Sasa, pigo moja la bomba hutoa gramu ngapi? Mabomba hayafanani, basi jaribu lako. Piga mara 20 juu ya karatasi, upime katika mizani ndogo. Tuseme umepata gramu 24. Basi kila pigo ni gramu 1.2, na beringi yako yahitaji mapigo 6. Andika namba hiyo kwa rangi ukutani karibu na mashine, na kijana wa kazi hatabahatisha.

Hesabu hii yafaa pia kwa mfuko. Mashine yenye beringi 4 za namna hiyo hutumia gramu 28.8 kwa zamu moja. Katriji ya gramu 400 yatosha zamu 13, na kidogo husalia. Mtu akitia grisi kila baada ya wiki mbili, katriji moja humfikisha nusu ya mwaka. Linganisha bei ya katriji hiyo na bei ya beringi mpya, na nauli ya kwenda Bunda au Mwanza kuitafuta, na siku ambazo mashine imelala. Kila mwenye duka aweza kuona faida iko wapi. Ni mara ngapi grisi itiwe, kitabu cha mashine ndicho kisemacho. Lakini penye vumbi na joto ni lazima kuitia mara nyingi zaidi, kwa kiasi kidogo.

Joto nalo lina hesabu yake. Beringi ikizidi digrii 70, kila digrii 15 zinazoongezeka hupunguza umri wa grisi kwa nusu. Kwa digrii 85 umri ni nusu. Kwa digrii 100 ni robo tu. Kwa hiyo beringi inayochoma mkono yaomba msaada. Usingoje ipige kelele.

Namna za grisi

Katika katriji nyingi mtaona namba 2. Namba hiyo ni ya ugumu, si ya ubora. Ziko daraja 9, tangu 000 iliyo majimaji mpaka 6 iliyo ngumu kama mche wa sabuni. Na namba 2 ndiyo ifaayo beringi nyingi. Rangi ya grisi haina maana. Ni rangi iliyotiwa tu. Iko nyekundu iliyo dhaifu na iko ya manjano iliyo imara. Basi soma maandishi, usisome rangi.

Wala usichanganye grisi za sabuni mbalimbali bila kujua. Nyingine zikikutana hugombana: sabuni huachilia mafuta, grisi ikawa kama uji, ikavuja yote. Ukitaka kubadili namna, fungua beringi, uisafishe, ndipo utie mpya.

Kwa mashine za chakula kuna neno la pekee. Grisi inayovuja penye shafti huweza kuanguka katika unga, na unga huo huliwa na watoto wetu. Ipo grisi iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali pa chakula, nayo huandikwa alama H1. Si chakula, lakini imeruhusiwa mahali ambapo huenda ikagusa chakula kidogo kwa bahati mbaya. Anayesaga kwa ajili ya watu aitafute. Na akiona unga una madoa meusi, asimame, atafute kizibo kilichokatika.

Hatari tatu

Ya kwanza ni moto. Vumbi la pamba hushika moto upesi, na beringi iliyokauka yaweza kupata joto la kutosha kuuwasha. Katika vinu vya kuchambua pamba, kama vile vilivyojengwa Ushashi na Kibara, nyuzi hutanda kila mahali. Beringi moja iliyosahauliwa huweza kuteketeza jasho la wakulima wengi kwa saa moja. Unga mkavu unaoruka hewani nao huwaka. Basi kufagia na kutia grisi ni kazi moja, si mbili.

Ya pili ni ya mkono. Bomba la grisi la mkono huweza kusukuma kwa nguvu kupita mara 100 ya upepo wa gurudumu la motokaa. Mpira wa bomba ukipasuka, au mdomo ukielekezwa kidoleni, grisi hutoboa ngozi ikaingia ndani. Kidonda ni kama cha sindano, na mwanzoni hakiumi sana; kwa hiyo mtu hukifuta akaendelea na kazi. Huo ndio msiba wenyewe. Ndani grisi huua nyama, na mtu akikawia huweza kukatwa kidole au mkono. Aliyepatwa na jambo hili aende hospitali saa ileile, aseme waziwazi, Grisi imeingia kwa nguvu ya bomba. Wala asikubali kufungwa kitambaa tu na kurudi nyumbani. Wala msiwape watoto bomba hilo wachezee.

Ya tatu ni ya ziwa. Katriji tupu haiwi tupu kabisa. Grisi husalia ndani. Ikitupwa ufuoni, mvua huipeleka majini, na maji hayo ndiyo tunywayo na tuvulimo. Isitupwe ziwani, wala isichomwe katika jiko la chakula. Kijiji kiweke pipa moja lenye kifuniko kwa grisi kuukuu, vitambaa na katriji, mpaka zipelekwe kwa wale wakusanyao mafuta machafu.

Funzo la Kongwa

Wazee hapa wamesikia habari ya Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya pili serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika. Ilikusudiwa kulima ekari zaidi ya milioni 3. Trekta nyingi zilizoletwa zilikuwa zimekwisha kutumika vitani. Vipuri havikutosha, mafundi hawakutosha, ardhi ilikauka ikawa ngumu, na mchanga wake ukala vyuma. Mwaka 1947, mwaka ule wa kwanza wa kazi, trekta nyingi zilikuwa zimelala. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na fedha zilizopotea zilikuwa pauni milioni 36 hivi. Hatusemi kwamba grisi peke yake ingaliuokoa; mvua na ardhi na haraka vilikuwa na sehemu yake. Lakini twasema kwamba wingi wa mashine si utajiri, kama hakuna watu waliofundishwa kuzitunza, tena wenye vifaa vya kuzitunzia. Neno hilo ni kweli kwa trekta mia, na ni kweli kwa mashine moja ya kusaga hapa Guta.

Mambo ya kufanya

Tumalize kwa kumpa kila mtu kazi yake. Viongozi wa vijiji wahimize pipa la taka za mafuta, na daftari moja katika kila mashine ya kijiji, iandikwe tarehe, jina la aliyetia grisi, na idadi ya mapigo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Walimu wazitumie hesabu tulizozitaja katika madarasa. Mtoto atakayepima beringi ya baba yake hataisahau kanuni. Wenye mashine wazihifadhi katriji kivulini, mahali pakavu, juu ya rafu, zikiwa zimesimama na kifuniko cha plastiki kikiwa juu, na iliyonunuliwa kwanza itumike kwanza. Na vijana wanaofanya kazi penye mashine wasidharau kitambaa safi. Fundi hodari hujulikana kwa kitambaa chake kabla hajajulikana kwa spana.

Nanyi mama zetu, mnaoleta mahindi, msione haya kuuliza, Je, mashine hii imetiwa grisi lini? Ninyi ndio mtakaotembea ikivunjika.

 Bomba na katriji ziko hapa mezani; mwenye swali na aulize, na anayetaka kujaribu kwa mkono wake na aje.